Mgonjwa wa nimonia: kipimo gani upeleke maabara, lini, na sampuli uichukue vipi

Haya, hii naiandika kwa matabibu, manesi na maintani ambao ndo kwanza wamepangiwa huku kwetu pwani, Malindi, Lamu mjini, Mpeketoni, Witu, Faza, popote penye wodi na kijimaabara cha pembeni. Mimi nakaa upande wa darubini. Kutibu ni kazi yenu, ila kuna mambo mukiyajua mapema mutatuokolea dawa za kupimia, mutamuokolea mgonjwa pesa, na kubwa zaidi mutapata majibu yenye maana badala ya karatasi tu ya kubandika kwenye faili.

Kwanza nianze na lile ambalo watu hawategemei kulisikia kutoka kwa mtu wa maabara: nimonia haigunduliwi maabara. Nimonia unaiona kwa macho na unaihesabu kwa saa, kisha unaisikia kwa stethoskopu, na eksirei ikiwepo inakuthibitishia. Maabara inakuja baadaye kukwambia nimonia hii imeletwa na nini, ni kali kiasi gani, na kuna nini kingine kimejificha chini yake. Ukituletea fomu imeandikwa "kikohozi, homa, pima zote" hapo umetugeuza wapiga ramli.

Kwa hivyo kabla ya kushika fomu, hesabu pumzi. Dakika nzima, mtoto ametulia au ananyonya au amelala, sio analia, na sio sekunde 15 ukazidisha kwa 4 manake watoto wadogo pumzi zao haziendi sawasawa. Wa chini ya miezi 2 akifika 60 kwa dakika ni haraka, wa miezi 2 mpaka 11 ni 50, wa mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka 5 ni 40. Angalia kifua cha chini kama kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Uliza kama anaweza kunywa au kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama ameshikwa na degedege, kama analegea na kupoteza fahamu, sikiliza kama anaguna. Dalili moja kati ya hizo tu, huyo ni wa kulazwa (ila kifua kubonyea peke yake, kwa mtoto wa miezi 2 kwenda juu asiye na dalili nyingine ya hatari, mara nyingi anatibiwa nyumbani), na maabara itamfuata hapohapo kitandani.

Halafu ile mashine ya kubana kidole. Ikisoma chini ya 90 mtie oksijeni, usingoje mtu. Lakini huku kwetu lazima niseme habari ya hina. Bibi katoka arusini juzi, vidole vyeusi kwa piko mpaka kwenye kucha, ukibana pale mwanga haupiti vizuri, mashine itakataa kusoma au itakupa namba ya ajabu. Tafuta kidole kisicho na rangi, cha mkono au cha mguu, rangi ya kucha ifute, mkono ukiwa baridi usugue upate joto, na kabla ya kuiamini namba hakikisha mapigo inayoonesha mashine yanafanana na yale unayohesabu wewe kwa kushika mkono.

Sasa kanuni yenyewe, na nyingine zote zinatoka hapa. Kabla hujaandika kipimo chochote jiulize, jibu likija lina kitu nitafanya nini, na likija halina kitu nitafanya nini? Kama ni kilekile, usikipeleke. Mtoto wa miaka 2 anapumua haraka lakini anacheza, ananyonya, oksijeni iko 97, huyo anatakiwa amoksilini na mama aelezwe dalili za kumrudisha. Ukimchoma damu ya hemogramu, ile hesabu ya chembe za damu, utakuwa umemliza bure, kwa sababu iwe chembe nyeupe zimepanda au hazikupanda utampa amoksilini ileile. Kipimo cha malaria akiwa na homa sawa, na HIV kama hali ya mama haijulikani, basi. Lakini yule anayeguna, au mzee aliyeanza kuweweseka, au mtu ambaye amekunywa antibiotiki wiki nzima na bado, hapo ndo maabara ina kazi.

Malaria niiseme mapema kwa sababu inachanganya watu sana, hasa mukiwa na wagonjwa wanaotoka ndani ndani huko Magarini ama Ganze. Mtoto ana homa na anapumua haraka, kipimo cha haraka kimekuja na mistari miwili, tabibu anaandika malaria, anampa dawa, anamwachilia. Hapana! Malaria kali yenyewe inamfanya mtoto apumue haraka, hilo kweli, lakini mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, na tena vile vipimo vya haraka vinavyotafuta protini ya vimelea vinaweza kubaki na mstari wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Yaani mstari leo unaweza kuwa ni wa malaria ya mwezi uliopita. Ukiona hivyo omba slaidi ya damu tuhesabu vimelea, na kama kifua kinabonyea mtibu yote mawili. Jibu la malaria halifuti pumzi ulizohesabu.

Na hapa niweke neno moja kuhusu Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Mtu anakohoa, ana homa, anaambiwa apime malaria na taifodi, Widal inatoka na namba, anapewa dawa ya taifodi na nimonia inaendelea kumla kifuani. Widal haina nafasi kabisa kwenye nimonia, na hata kwenye taifodi yenyewe kuichukua mara moja tu inapotosha. Musituletee.

Hemogramu, ile damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau. Mgonjwa wa kulazwa, ndiyo, ichukue. Watu wanakimbilia kutazama chembe nyeupe tu, kumbe kwa huku mimi ningesema angalia wekundu wa damu kwanza, manake mtoto mwenye damu ndogo anahema pia, na oksijeni unayompa haina wa kuibeba. Selimundu (sikoseli) iko nyingi hapa pwani, kwa hivyo mtoto akija na kifua, damu iko chini, macho ya manjano, mama anasema huwa analia mifupa, omba kipimo cha selimundu, kwa sababu hao nimonia inawashika vibaya zaidi na wana tatizo lao la kifua ambalo linafanana kabisa na nimonia na huenda likataka kuongezewa damu. Chembe nyeupe zikipanda zinakuelekeza kwenye bakteria lakini hazithibitishi, na zikishuka sana chini ya 4 (yaani 4,000 kwa maikrolita) kwa mgonjwa aliye hoi usifurahi ukasema hakuna maambukizi, hiyo ni dalili mbaya.

CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi, baadhi ya hospitali wanayo. Inasaidia kidogo. Kwa mtu mzima wa nje ambaye huna uhakika kama ni nimonia ama mafua tu, ikiwa chini ya 20 unaweza kupumzisha antibiotiki, ikipita 100 mpe. Lakini malaria inaipandisha, TB inaipandisha, kwa hivyo soma pamoja na mgonjwa.

Kwa watu wazima kuna kipimo kimoja cha damu ambacho kinaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya ukali, nacho ni yurea. Ile hesabu ya alama tano: kuchanganyikiwa, yurea juu ya 7 (mmol/L), pumzi 30 au zaidi kwa dakika, presha ya juu chini ya 90 au ya chini 60 kushuka, na umri miaka 65 kwenda mbele. Kila moja alama moja. Akiwa na 0 au 1 mara nyingi anaweza kutibiwa nyumbani, 2 mlaze, 3 kwenda juu huyo ni mgonjwa sana. Mukiwa kituo ambacho hakuna yurea toeni hiyo, hesabuni nne zilizobaki, hapo hata alama moja tu inakutaka ufikirie kulaza. Mimi napenda hii kwa sababu tabibu akiniletea damu ya yurea najua anaenda kufanya nayo nini. Sukari pia, hasa watoto waliolegea na watu wa kisukari, inapimwa kitandani kwa tone moja, usingoje maabara.

Sasa kalcha ya damu, kuotesha vijidudu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo panaharibika.

Kwanza mujue munachotegemea. Watu wazima waliolazwa na nimonia, kalcha inayootesha kitu cha kweli ni kama 5 mpaka 15 katika 100, kwa watoto hata chini ya hapo. Sio kwamba maabara ni mbovu. Nimonia nyingi hazimwagi bakteria kwenye damu, nyingine ni virusi. Ule utafiti mkubwa wa nimonia kali ya watoto uliofanywa nchi saba, Kilifi yetu ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulikadiria virusi karibu asilimia 61 na bakteria karibu 27, na peke yake kile kirusi cha RSV kama asilimia 31. Ongeza na chanjo: ya Hib Kenya ilianza 2001, ya nimokoka ikaingia 2011 (hao wawili ni bakteria wanaoleta nimonia kali), na hapo Kilifi ugonjwa mkali wa zile aina za nimokoka zilizomo kwenye chanjo ukashuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Vile vijidudu ambavyo walimu wetu walikuwa wakiviona kila wiki kwenye sahani, sasa vinaonekana mara chache. Ndo maana nauliza kadi ya chanjo kwenye fomu, sio umbea.

Kwa hivyo kalcha mpelekee aliye mahututi, mwenye HIV au selimundu, mtoto mchanga, mwenye utapiamlo mkali, aliyetoka kulazwa majuzi, na yule ambaye dawa zimeshindwa. Wengine waache.

Namna ya kuchukua: kabla ya antibiotiki. Sindano moja ya seftriaksoni ikishaingia, uwezekano wa kuotesha unaporomoka. Lakini, na hili ni muhimu kuliko lile, usimcheleweshee dawa mtu anayekufa ati unangoja chupa. Chupa ikae kwenye trei ya dharura, damu ichukuliwe wakati ule ule unapoweka kanula, dakika tano, dawa iingie. Kama dawa imeshaingia, hata kama ni vidonge alivyonunua dukani, andika kwenye fomu ni dawa gani na saa ngapi, tutajua kusoma jibu.

Osha mikono, funga mpira, tafuta mshipa, kisha ndo usafishe ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 au kloheksidini yenye spiriti, na uache ikauke yenyewe. Usipulizie, usipepee na fomu. Ikishakauka usiguse tena kutafuta mshipa, vidole vyako vina vijidudu hata kama umevaa glavu, na hapo ndo kalcha nyingi zinapoharibikia. Kifuniko cha mpira cha chupa nacho kifute, manake kile cha plastiki cha juu kinazuia vumbi tu. Mtu mzima tia mili 8 mpaka 10 kila chupa, na chukua chupa mbili kutoka sehemu mbili tofauti, mkono huu na mkono huu. Mtoto ni kulingana na uzito na chupa yenyewe, wadogo kawaida mili 1 mpaka 3. Mukituletea matone mawili kwenye chupa ya mtu mzima hata kama bakteria yupo hatutampata. Na anza na chupa ya kalcha kabla ya kujaza zile nyingine, ukianza na ya zambarau unaweza kuingiza uchafu.

Chupa ya kalcha haiendi kwenye friji! Nimeona nesi mzuri tu mwenye nia njema anaiweka pamoja na chanjo, vijidudu wanapoa, wengine wanakufa. Ikae joto la chumba la kawaida, isipigwe jua, isiachwe kwenye gari, ifike haraka.

Sasa kisiwani. Uko Faza, au Kizingitini, kalcha haioteshwi hapo na boti inategemea maji yamejaa au yamekupwa. Ushauri wangu, kama unampeleka mgonjwa mwenyewe rufaa na safari ni ya saa chache, na una chupa, chukua damu, mpe dozi ya kwanza, chupa iende naye, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na saa imeandikwa. Kama boti ni kesho na chupa huna, mpe dawa na oksijeni na usahau kalcha. Kutoka Malindi mpaka Kilifi ni kama kilomita 60 tu za lami, hapo hakuna sababu ya chupa kulala.

Majibu yanakuja vipande vipande. Bakteria wa kweli mara nyingi anaonekana ndani ya siku mbili, tutakupigia simu na jibu la Gram, ile rangi tunayowapaka tuwatazame kwa darubini, tukikwambia vijidudu vya duara viwiliwili vilivyochongoka hiyo ni nimokoka mpaka ithibitike vingine, usingoje karatasi. Kalcha isiyo na kitu tunaifunga baada ya siku 5. Tukiandika stafilokoka wa ngozi kwenye chupa moja kati ya mbili, huyo karibu kila mara katoka kwenye ngozi, msimbadilishie mgonjwa dawa kwa ajili yake. Na ile orodha ya dawa inayokuja na S (dawa inamuua) na R (haimuui) sio mapambo, mgonjwa yuko kwenye seftriaksoni na kijidudu kinakufa kwa penisilini ya kawaida, mrudishe kwenye penisilini. Hii ndo faida kubwa ya kalcha na ndo inayosahaulika zaidi.

Makohozi, au balghamu kama wanavyosema wazee. Ukweli mchungu ni kwamba nusu ya tunacholetewa ni mate. Kumuuliza mtu wa maabara nimonia imeletwa na nini ukampa mate ni kama kupima kina cha bahari kwa ndoo ya kisimani. Tukipata sampuli tunaiangalia kwanza kwa darubini ya ukuzaji mdogo, kama ina seli nyingi za mdomoni, 10 na zaidi kwa uwanja mmoja, na chembe za usaha ni chache, tunaikataa kwa kalcha. Sampuli nzuri ina usaha mwingi, zaidi ya 25, na seli za mdomo chache. Musikasirike tukirudisha. Tungeotesha mate tungekuotesheeni vijidudu vya kinywa na mungemtibu mgonjwa kwa vijidudu visivyo na hatia.

Makohozi mazuri yanapatikana kwa kumuelekeza mtu, sio kumpa kikopo na kuondoka. Mwambie asubuhi akiamka, kabla ya chai, asukutue kwa maji matupu, sio kwa dawa ya kusukutulia. Atoke nje penye upepo, mbali na watu, kwa sababu hujui kama ni TB. Avute pumzi ndefu aishike kidogo aitoe, mara mbili tatu, halafu akohoe kutoka chini tumboni na akitoe kile kizito moja kwa moja kwenye kikopo bila kugusa ukingo. Kijiko cha chai kinatosha. Kwa bibi mtu mzima mwenye haya mpe pahali pa faragha na muelekeze kwa heshima, "bibi, nataka kile kilichoko kifuani, sio cha mdomoni", wanaelewa vizuri sana ukiwaeleza. Jina unaandika kwenye kikopo chenyewe, ukiandika kwenye kifuniko tukifungua tu mgonjwa kapotea jina. Kifike ndani ya saa 2. Ikishindikana, makohozi yanaweza kukaa kwenye friji mpaka siku moja, tofauti na damu, lakini nimokoka ni dhaifu na anakufa mapema kwa hivyo kwa kalcha ya kawaida haraka ndo dawa.

Watoto wa chini ya miaka 5 hawatoi makohozi, wanameza. Na musituletee pamba ya puani ya kalcha mukitafuta bakteria wa nimonia, watoto wengi wazima wa hapa pwani wanatembea na nimokoka puani na wanacheza mpira, kumkuta pale hakusemi kitu.

TB sasa. Mtu yeyote amekohoa wiki mbili, au anatoka jasho usiku, amekonda, ameishi na mgonjwa wa TB, au nimonia yake imekataa dawa, peleka makohozi kwenye GeneXpert. Hii haioteshi, inatafuta vinasaba, kwa hivyo jibu ni karibu saa mbili au chini ya hapo kutegemea katriji, na inakwambia pia kama rifampisini itafanya kazi. Mtoto asiyetoa makohozi tuma choo, choo cha kawaida tu kwenye kikopo kisafi, shirika la afya duniani limekikubali kwa GeneXpert na ni rahisi kuliko kumwingizia mtoto mpira tumboni alfajiri. Kwa mwenye HIV aliye mahututi kuna kile kijistripi cha LAM kinachotafuta TB kwenye mkojo, matone machache, unasoma baada ya dakika 25, unaweza kukifanya wodini. Kikiwa na mstari anza dawa, kikiwa hakina hujamaliza kazi. Dawa za TB hospitali za serikali ni bure, mwambie mgonjwa mapema kwa sababu wengine wanakimbia wakisikia TB wakidhani watauza boti.

HIV: kila aliyelazwa na nimonia kali apewe nafasi ya kupimwa, kwa ridhaa yake, kwa sauti ya chini, sio mbele ya wifi na mashemeji waliokuja na chai kwenye chupa. Huku kila mtu anamjua mwenziwe, neno likitoka wodini mchana, usiku liko mtaani Langoni. Mtoto wa chini ya miezi 18 kipimo cha kawaida kinasoma kinga za mama, huyo anatakiwa kipimo cha vinasaba cha damu ya kisigino kwenye karatasi. Na usingoje karatasi hiyo irudi: kichanga wa miezi michache, mama ana HIV, oksijeni iko chini sana lakini kifuani husikii mengi, anzisha kotrimoksazoli ya dozi kubwa pamoja na antibiotiki nyingine. Hiyo huenda ni nimonia ya kuvu, nayo haioti kwenye sahani zetu, mukingoja sisi tuione mutangoja sana.

Maji kifuani, yale yanayozunguka pafu kwa nje. Upande mmoja hausikiki, ukigonga panalia kizito, eksirei nyeupe chini. Yavuteni. Na mutazame rangi kabla ya kuyaleta, ikitoka usaha mtupu kazi ya kwanza ni mpira wa kutolea, sio fomu. Gawanyeni chupa tatu: ya zambarau ya kuhesabu seli, chupa safi isiyo na kitu ya Gram na kalcha na GeneXpert, na ya kemia kwa protini na sukari. Mukiwa na chupa ya kalcha ya damu ya ziada tieni humo kiasi, mara nyingi inaotesha vizuri zaidi. Ila GeneXpert ya maji ya mapafu ikisema hakuna TB musiiamini peke yake, inakosa wengi.

Swaumu. Mwezi wa Ramadhani watu wanakataa kutolewa damu mchana au kusukutua kabla ya kukohoa kwenye kikopo, wanaogopa kufungua. Usibishane dini, mwite sheikhe anayemuamini au imamu wa karibu, wengi watamwambia mgonjwa kama huyo ana ruhusa yake, na kipimo kitafanyika siku ile ile.

Kurudia vipimo: hemogramu ya kila siku haina maana. Mtazame mgonjwa, pumzi, oksijeni, homa, anakula au hali. Saa 48 mpaka 72 zikipita bila nafuu, hapo ndo unaanza upya: kuna maji? kuna TB? HIV ilipimwa? ni stafilokoka? dozi ilikuwa sawa au nesi wa usiku alikosa dawa kwenye stoo? Hilo la mwisho sio la maabara lakini mara nyingi ndo lenyewe.

Mwisho fomu. Nataka umri, siku za kukohoa, pumzi kwa dakika, oksijeni, antibiotiki iliyoanza na saa, saa ya kuchukua sampuli, wodi, na simu yako wewe uliyeandika, sio ya ofisi ambayo hailii. Andika na namba ya mwenye mgonjwa inayopatikana, na ya pili ya jirani au mwenye duka, kwa sababu kalcha inaota siku ya tatu na mgonjwa pengine keshapata nafuu kidogo, keshaomba ruhusa, keshavuka na boti ya mchana kwenda Siyu ambako mtandao unakuja na kuondoka, na mimi nina karatasi mkononi inayosema dawa aliyoondoka nayo haimfai.